Timu ya watu saba, mmoja tu anajua Kiwelisi: uanzie wapi?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, niko kusini mwa Wales, nafanya kazi halmashauri kwenye huduma kwa wateja, yaani simu na mapokezi. Tuko saba na anayeongea Kiwelisi ni mmoja tu. Yameingia malalamiko, bosi kaniachia mimi nipange namna ya kuhudumia watu kwa Kiwelisi. Sasa kaka, hawa watu si wote wanajua Kiingereza? Simu za Kiwelisi tunazopata ni za kuhesabu. Nianzie wapi, na je mimi mgeni nisiyeijua lugha hiyo, kazi yangu iko salama?"

Dada, pole na majukumu. Kwa haki kazi hii ilitakiwa ishikwe na mtu mwenye cheo kuliko wewe maana itabidi uguse mambo ya ajira, mfumo wa simu na hela, lakini basi, ishafika mezani kwako na nitakujibu kwa urefu maana swali lako lina maswali matatu ndani yake na yote yamefungana.

Nianze na hiyo ya "si wote wanajua Kiingereza", kwa sababu najua wenzako wanaisema kila siku wakati wa chai. Ni kweli, karibu watu wazima wote wanaoongea Kiwelisi wanajua na Kiingereza, na waliotunga sheria walilijua hilo vizuri tu. Sheria haikuwekwa kwa ajili ya mtu asiyeelewa Kiingereza. Huyo ana huduma yake nyingine, ya mkalimani, ile mnayompa Mpolandi au Msomali aliyefika juzi. Watu maofisini wanazichanganya hizi mbili halafu wanafika kwenye hitimisho la ajabu kwamba Kiwelisi hakina kazi kwa vile hamna mtu anayekwama. Kiwelisi ni lugha rasmi ya Wales kwa Sheria ya Lugha ya Kiwelisi ya 2011, na msingi wake ni kwamba kisipewe nafasi ya chini kuliko Kiingereza. Kwa hiyo swali mnalotakiwa kujiuliza pale mapokezi ni kama anayetaka Kiwelisi amepata huduma sawa na ya mwenzie aliyetaka Kiingereza, kwa muda ule ule na kwa ubora ule ule, basi. Kama angeweza kujisaidia kwa Kiingereza au la, hilo halikuhusu.

Na wala usidhani ubishi huu ni mpya. Mwaka 1952 mtu na mkewe, Trefor na Eileen Beasley, mume mchimba makaa ya mawe, walikuwa wamehamia nyumba yao Llangennech karibu na Llanelli, halmashauri ikawaletea hati ya kodi ya nyumba kwa Kiingereza tu. Wakasema leteni ya Kiwelisi tutalipa. Halmashauri ikagoma, japo eneo lile Kiwelisi ndo kilikuwa lugha ya nyumbani, ya kanisani, na hata ya wengi waliokaa humo humo ofisini. Ikawa kesi, mara zaidi ya kumi wamesimamishwa mahakamani, madalali wa mahakama wanakuja wanabeba samani, piano nayo ikaondoka, na wale wamekaa tu nyumba inazidi kuwa tupu na hawalipi. Ilikwenda hivyo mpaka 1960 ndo hati ikaja kwa lugha zote mbili. Angalia walichokuwa wanadai: karatasi moja ya kodi. Hawakudai bunge wala jeshi. Na Kiingereza walikuwa wanakisoma bila shida yoyote. Mwaka 1962 ikaundwa Cymdeithas yr Iaith, chama cha kutetea lugha, mwaka uliofuata vijana wakakaa barabarani darajani Trefechan pale Aberystwyth wakazuia magari, halafu zikafuata sheria za 1967 na 1993, na mwisho hii ya 2011 iliyomleta Kamishna wa Lugha ya Kiwelisi, yule anayesimamia sheria hiyo ifuatwe. Kwa hiyo mwenzako akisema "haya mambo ya barua za lugha mbili ni ya kupoteza hela", mwambie kuna watu walipoteza piano.

Twende kwenye kazi yako sasa. Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa mpango, tafuta notisi ya halmashauri yenu. Chini ya sheria ya 2011 kuna kitu kinaitwa viwango vya lugha, yaani masharti ya namna taasisi itakavyotumia Kiwelisi, kanuni za halmashauri zilitoka 2015 na kwa sehemu kubwa zikaanza kufanya kazi tarehe 30 Machi 2016. Lakini viwango haviko sawa kwa kila mtu. Kamishna anaipa kila taasisi notisi yake yenye orodha ya viwango vinavyoihusu na tarehe ya kuanza, kwa hiyo halmashauri yenu inaweza kuwa na masharti tofauti kidogo na ya jirani. Notisi hiyo inatakiwa iwe hadharani, mara nyingi iko kwenye tovuti yenu wenyewe mahali ambapo hamna anayebofya. Nimekutana na mameneja waliofanya kazi miaka wakiisikia tu kwa majirani. Isome, soma hasa sehemu ya huduma, achana kwanza na ile ya sera na ya kutunza kumbukumbu, hizo zina wenyewe.

Utakuta mambo kama haya, na haya ni ya kawaida karibu halmashauri zote: mtu akipiga namba kuu ya halmashauri apokelewe kwa salamu ya Kiwelisi na ajulishwe kwamba huduma ya Kiwelisi ipo. Akiandika barua au imeili kwa Kiwelisi ajibiwe kwa Kiwelisi, na kwenye barua zenu mseme wazi kwamba kuandika kwa Kiwelisi hakuleti ucheleweshaji. Vibao vipya, maandishi ya Kiwelisi yakae pale ambapo jicho linaanzia. Mapokezi pawe na tangazo linalosema karibu kwa Kiwelisi, na mfanyakazi anayekijua avae beji, ile ya rangi ya chungwa yenye umbo la kiputo cha maneno, bila shaka umeshaiona. Kurasa za tovuti zifanye kazi zote kwa Kiwelisi, yaani isiwe mtu anabofya Kiwelisi anapata ukurasa wa kwanza tu halafu fomu yenyewe inamrudisha Kiingereza. Hiyo ya fomu ndo ugonjwa mkubwa, chunguza fomu zenu moja moja hadi kile kitufe cha mwisho cha kutuma na ile imeili ya "tumepokea ombi lako", maana watu wanatafsiri fomu wanasahau imeili inayofuata.

Sasa hiyo habari ya simu za kuhesabu. Naomba kabla hujaiamini ripoti ya mfumo wenu, piga mwenyewe namba ya halmashauri siku ya kazi saa nne asubuhi, chagua Kiwelisi, usikilize kinachotokea. Kuna halmashauri moja tulikaa na timu tukafanya hivyo, spika imewekwa katikati ya meza na mkuu wa kitengo yupo. Chaguo la Kiwelisi likatupeleka kwenye muziki, muziki ukaenda, ukaenda, mara sauti ikasema acha ujumbe wako. Tukakata, tukapiga tena tukachagua Kiingereza, akapokea kijana muziki haujaanza hata vizuri. Tena kijana mwenyewe alikuwa amekaa meza ya tatu kutoka pale tulipokuwa. Sasa mfikirie bibi wa miaka sabini anayetaka kusema tu kwamba pipa lake la mabaki ya chakula limeachwa. Mara ya kwanza atachagua Kiwelisi, atasubiri, atachoka, atakata, atapiga tena kwa Kiingereza. Mara ya pili hajisumbui, anaenda moja kwa moja Kiingereza na huko anahesabiwa mteja wa Kiingereza. Mwisho wa mwezi ripoti inamfikia mkuu wa idara: Kiwelisi simu sifuri. Na mkuu wa idara anasema si mnaona, mahitaji hakuna, tupunguze hata huyo mmoja. Mfumo wenyewe umewafukuza watu halafu unatumia kufukuzika kwao kama ushahidi.

Hii ndo hoja yangu yote kwako na kama utasahau mengine usisahau hili. Usipange huduma ya kusubiri mtu aombe. Mtu hataomba. Amezoea tangu utoto kwamba ofisi ni Kiingereza, hataki kuonekana msumbufu, hataki kusubiri, anaona aibu kidogo kwamba Kiwelisi chake ni cha jikoni na si cha kujazia fomu, na akisikia sauti ya upande wa pili inaanza na "hello" ya Kiingereza basi mjadala umeisha, mazungumzo yote yatakuwa Kiingereza hata kama wote wawili ni wa kijiji kimoja. Kwenye afya na huduma za jamii, serikali ya Wales iliweka mkakati wake mwaka 2012 uliosisitiza jambo hili, kwamba mtoa huduma ndo aanze kutoa Kiwelisi, mgonjwa asibebeshwe kazi ya kuomba. Sababu yao kubwa unaielewa ukiwahi kukaa na mzee mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambaye Kiingereza alijifunza shuleni: lugha ya pili inaweza kuanza kumtoka, anabaki na ile ya mama yake, na ukimuuliza kwa Kiingereza kama ana maumivu anakuangalia tu. Halmashauri ndo zinazosimamia huduma za wazee kwa hiyo simu ya mtoto anayemuombea mama yake msaada wa nyumbani inaweza kuanzia hapo hapo kwenu. Kwenye simu kama hiyo, lugha mtakayomuandikia mama kwenye faili tangu siku ya kwanza inaweza kuamua ataelewana vipi na anayemuogesha.

Haya, saba na mmoja. Kwanza nina mashaka kama kweli ni mmoja. Sensa ya 2021 ilikuta watu 538,000 hivi wanaoongea Kiwelisi, asilimia 17.8 ya wenye miaka mitatu na zaidi, na hata halmashauri ya Blaenau Gwent ambako ni wachache kuliko kote walikuwa asilimia 6.2. Cardiff ilikuwa asilimia 12.2 na imepanda toka sensa ya kabla yake. Kwa hiyo kwenye halmashauri yenye wafanyakazi maelfu, wapo, ila hawapo kwenye dawati lako. Yuko mmoja kodi, mmoja maktaba, mmoja idara ya vibali vya ujenzi, na wengine wamejificha. Nasema wamejificha makusudi kabisa. Kila ukipitia dodoso la ujuzi wa lugha utakuta mtu aliyesoma shule ya Kiwelisi miaka kumi na mitatu anajaza "kidogo" kwa sababu anaogopa akijaza "vizuri" kesho ataletewa barua ya kisheria aiandike. Sasa usiulize "unaongea Kiwelisi?" maana hapo utapata hapana nyingi. Uliza vitu vidogo vidogo: unaweza kupokea simu na kusalimia? unaweza kuchukua jina na anuani? unaweza kumuelewa mtu anayelalamikia shimo barabarani hata kama utajibu taratibu? Tenganisha kuongea na kuandika, kabisa, zikae safu mbili tofauti. Utashangaa majina yatakavyoongezeka.

Ukishawapata, tengeneza zamu inayovuka idara. Simu ya Kiwelisi isiishie kwenye timu yenu, iende kwa kundi la watu watano sita waliotawanyika, mfumo wa simu wa siku hizi unafanya hivyo bila hata kununua kitu. Mlinde na huyo mmoja wenu. Yeye leo ndo anapokea simu zote za Kiwelisi, anatafsiri barua ndogo ndogo za wenzie kwa hisani, anaitwa kikaoni, na bado anahesabiwa simu zake kama nyie wengine, mwisho ataomba uhamisho na hapo mtabaki saba na sifuri. Kazi ya kutafsiri kaitoe kwake leo hii. Kujua kuongea lugha si kujua kuitafsiri, Waswahili tunalijua hili vizuri, shemeji anayeongea Kiingereza safi mpe mkataba autafsiri uone.

Na nyinyi sita msiojua? Nyinyi ndo mlango. Jifunzeni salamu, "bore da" asubuhi na "prynhawn da" mchana, na sentensi moja ya kumuuliza mtu angependa Kiwelisi au Kiingereza, muweke na jibu la kumwambia sasa nakuunganisha. Mtu akichagua Kiwelisi na hamna aliye huru, msimwambie tu "hamna anayeongea Kiwelisi leo", mwambieni ukweli, kwamba ana machaguo mawili: nikuhudumie mimi kwa Kiingereza sasa hivi au mwenzangu akupigie kwa Kiwelisi kabla ya saa fulani, na hiyo saa muiheshimu. Viwango vyenyewe mara nyingi vinakubali kwamba simu ikifika kwenye jambo la kitaalamu ambalo anayelijua haongei Kiwelisi, hapo ihamishiwe kwake kwa Kiingereza. Kisichokubalika ni kuihamishia Kiingereza tangu mwanzo kwa sababu ni rahisi.

Upande wa maandishi nitaenda haraka. Templeti kwanza. Barua nyingi mnazotuma ni zile zile thelathini arobaini, zitafsiriwe mara moja na mtafsiri wa kweli, ziwekwe kwenye mfumo, kazi imekwisha kwa nusu. Barua mpya mtafsiri aipate Kiingereza kikiwa kimeshakamilika, maana mkimpelekea rasimu kisha mkabadilisha aya mbili jioni ndo inatoka barua ambayo lugha moja inasema lipa tarehe 14 na nyingine tarehe 21. Mwaka 2008 halmashauri ya Swansea ilituma maneno ya kibao cha kuzuia malori yakatafsiriwe, jibu likarudi kwa Kiwelisi, fundi akalipaka kwenye kibao, kibao kikasimamishwa barabarani, na kilikuwa kinasema sipo ofisini kwa sasa, tuma kazi yoyote ya kutafsiri. Ilikuwa imeili ya kujijibu yenyewe. Dunia nzima ilicheka, lakini ukiangalia vizuri tatizo pale halikuwa la mtafsiri, ni kwamba hamna hata mtu mmoja kwenye njia yote ile, toka kwenye imeili hadi kwenye nguzo, aliyekuwa na uwezo wa kusoma kibao kabla hakijasimama. Leo mashine za kutafsiri zimeboreka sana na watafsiri wenyewe wanazitumia kwa rasimu, sikatai, ila kinachokwenda kwa mwananchi lazima jicho la anayejua lugha lipite.

Halafu angalia lugha yenyewe isiwe ya kutisha. Kuna Kiwelisi cha mahakama na kuna Kiwelisi cha watu. Bili ikiandikwa kwa kile cha mahakama, hata aliyezaliwa nacho anageuza karatasi asome upande wa Kiingereza, na hapo tena ripoti inasema hamna wasomaji. Chuo Kikuu cha Bangor kina miongozo ya Kiwelisi chepesi pamoja na programu za kusahihisha tahajia na sarufi, omba watu wa kompyuta wakuwekee. Na wakiwa hapo hapo waambie wajaribu kuingiza jina lenye ŵ au ŷ kwenye mfumo wenu wa kodi. Mifumo ya zamani haizijui hizo herufi, inaweka alama ya kuuliza au kiboksi, kwa hiyo mtu anaishi mtaa wenye neno Tŷ, yaani nyumba, ndani yake anapokea barua yenye anuani iliyopasuka. Ni jambo dogo, linarekebishika, na linaudhi kuliko makosa makubwa.

Nikutoe kidogo kusini nikupeleke Gwynedd, kaskazini magharibi, ambako asilimia 64.4 wanaongea Kiwelisi. Kule halmashauri inaendesha kazi zake za ndani kwa Kiwelisi, imeili za ofisini, vikao, ripoti, na huduma kwa wananchi inatoka kwa lugha zote mbili. Ukiingia kikao cha madiwani unakuta wanajadili kwa Kiwelisi, mkalimani kakaa pembeni kwenye kibanda chake, na asiyejua anavaa hedifoni asikie Kiingereza. Angalia hapo nani anavaa hedifoni. Kwenye vikao vya kusini nilivyokaa, mtu anaanza kuongea Kiwelisi, anaona watu kumi wananyanyuka kugawana hedifoni na mwenyekiti anaangalia saa, basi naye anaona noma anahamia Kiingereza. Dawa yake ni ndogo tu, hedifoni ziwe kwenye viti kabla kikao hakijaanza, zimeshajaribiwa, na mwenyekiti afungue kwa Kiwelisi japo sentensi tatu. Kwa vikao vya mtandaoni Teams ilikuwa taabu sana wakati wa korona maana haikuwa na sehemu ya ukalimani, ila tangu mwisho wa 2022 ipo, na serikali ya Wales ilihusika kuwasukuma Microsoft waiweke. Sisemi muige Gwynedd, hamuwezi, wale wamekuwa na watu wa kufanya hivyo tangu miaka ya sabini. Nimekuonyesha tu ili mtu asikwambie haiwezekani.

Sasa kazi yako. Naielewa hofu hiyo, hasa kwa sisi wenye visa zinazotegemea ajira. Sheria haisemi kila mfanyakazi ajue Kiwelisi na haimfukuzi mtu aliyepo kwa kutokukijua. Inachosema ni kwamba nafasi ikiwa mpya au wazi, halmashauri ipime kama Kiwelisi ni lazima, au mtu atajifunza akishaingia, au ni vizuri kuwa nacho, au hakihitajiki. Wanapima nafasi, hawapimi mtu aliyekaa. Lakini nisikudanganye, kwenye timu ya saba yenye mmoja, wa kwanza akiondoka kuna uwezekano mkubwa nafasi yake itangazwe kwa Kiwelisi cha lazima, na kwa maoni yangu ndivyo inavyotakiwa, na wewe kwenye mpango wako liandike. Njia hii ni ya polepole na ya haki kuliko zote, timu inabadilika kwa nafasi zinazofunguka. Wapo watakaonong'ona kwamba ni ubaguzi kwa wageni. Mimi siioni hivyo maadamu ile ngazi ya "atajifunza akishaingia" inatumika kweli kweli na haiishii kwenye karatasi. Ikiishia kwenye karatasi, hapo wana hoja.

Malalamiko mliyoyapata, yajibu haraka na kwa Kiwelisi, na umwambie mlalamikaji nini kimebadilika na lini. Asiporidhika anaweza kwenda kwa Kamishna, naye anaweza kuchunguza na kuilazimisha halmashauri ichukue hatua, hadi kupiga faini isiyozidi pauni 5,000. Faini yenyewe halmashauri haiiogopi sana, wanachoogopa ni uchunguzi kuwa hadharani, na hiyo hofu yao kwako wewe ni mtaji pale utakapoenda kuomba muda wa watu wa mfumo wa simu.

Mwisho wewe kujifunza. Pekua ile notisi, karibu kila halmashauri ina sharti la kuwapa wafanyakazi nafasi ya kusoma Kiwelisi cha msingi ndani ya saa za kazi, kwa hiyo usiombe kama fadhila, omba kama haki. Uliza ofisi ya rasilimali watu kuhusu Cymraeg Gwaith, mpango wa Kiwelisi cha kazini chini ya kituo cha taifa cha kufundisha lugha, kozi nyingi huanza Septemba. Na Mswahili una bahati ambayo Waingereza hawana. Ile dd yao ni dh ya dhahabu, th ni th ya thelathini, ch ni kh ya kheri, f moja wanaisoma v, na w mara nyingi ni u yetu. Itakayokutesa ni ll tu, hiyo weka ulimi kama unataka kusema l halafu upulize hewa pembeni, na usiifanyie mazoezi mbele ya mteja.